Jino Lenye Chokaa

Nianze na ubaya wangu, maana wema wangu nikiuandika hautajaza ukurasa. Niliitaka mashine ya mtu. Kwa haki ilikuwa ya tajiri wetu mwenye karakana, lakini huku kwetu Mji wa Kale mtu akisimama kwenye mashine miaka ishirini huwa yake, kama ile pembe ya msikiti ambapo mzee fulani huketi kila siku: hakuna karatasi, na hakuna anayethubutu kuikalia.

Ulikuwa msumeno wa meza. Kwa asiyeujua, ni meza nzito ya chuma yenye mpasuko katikati, na katika mpasuko hutokeza diski ya meno inayozungushwa na mota iliyo chini. Ubavuni pana reli ndefu ambayo ubao hujiegemeza ukisukumwa, usije ukatangatanga. Mashine hiyo ilikuja kuukuu, ikaingizwa kichochoroni kwetu juu ya mikokoteni miwili iliyofungwa pamoja, ikakwangua ukuta wa jirani, na huyo jirani alitununia mpaka alipohama. Lakini habari ya jirani si hadithi yangu leo.

Aliyeisimamia mashine hiyo tulimwita Ami. Hakuwa ndugu wa baba yangu kwa damu, alikuwa rafiki yake tu, lakini baba alipofariki ndiye aliyenishika mkono akanipeleka karakanani. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu. Nilijua kusoma Kurani kwa kuifuata sauti, na Kiswahili kwa kubahatisha. Hata haya ninayoyaandika mke wangu hunisahihishia, na akilikataa neno tunagombana, na neno hubaki. Ami alinifundisha kunoa, kupiga randa, kuchonga maua ya mlango. Alinifundisha kila kitu isipokuwa kupima diski.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi, diski ilipimwa. Siku ile karakana ilinyamaza. Hata mpaka vanishi wetu, mtu wa kupaka mbao rangi, bwana mmoja wa bara, Mkristo, mcheshi kupita kiasi, alizima redio yake. Ami alitoa kikopo cha chokaa ya tambuu, akachovya ncha ya kidole, akatia doa jeupe kwenye jino moja la diski. Jino hilohilo ndilo alilolipima mbele na nyuma. "Meno hayalingani, kama ya watu," alikuwa akisema. "Ukipima jino hili mbele na jino jingine nyuma, umewapima watu wawili ukadhani ni mmoja."

Kisha aliweka kipande chake cha mvule, kirefu kama mkono, ndani ya mfereji uliochongwa juu ya meza sambamba na diski. Ncha ya kipande ilikuwa na tundu, na tunduni alipachika njiti ya chelewa, ileile ya ufagio. Aliisogeza njiti mpaka iguse jino lenye chokaa, upande wa mbele, akazungusha diski kwa mkono, plagi iko nje. Njiti ikakwaruza: krr. Halafu alikisukuma kipande mpaka upande wa nyuma, akalizungusha jino lilelile mpaka lifike huko, akasikiza tena. Sauti ikiwa ileile, diski imekaa sawa. Ikinyamaza, nyuma imekwenda kando. Ikilia kwa nguvu, nyuma imesogea mno. Hapo hujilaza chini ya meza, hulegeza nati tatu katika nne zinazoshika kitanda cha diski, hugonga kidogo kwa nyundo ya mti kama mtu agongaye yai, hukaza, hupima upya.

Msidhani ni madaha ya wazee. Diski ikikaa upogo hata kwa unene wa ukucha, ubao hubanwa kati ya reli na meno ya nyuma. Huungua, ukatoka na mistari myeusi kama ukoko wa pilau, na siku ikiwa mbaya huruka ukakurudia tumboni. Namjua fundi wa Ganjoni aliyerudiwa hivyo. Alikaa miezi hali kitu ila uji, na aliporudi mtaani suruali zake zote zilikuwa za mtu mwingine.

Kila mwaka nilimwomba Ami.

"Ami, leo nipime mimi."

"Bado."

"Ndevu zaota mvi, Ami."

"Ndevu hazisikii. Sikio lako lina kelele nyingi."

Wenzangu hucheka. Nilikuwa na miaka hamsini, na ni mimi niliyeshusha mbao zikija kutoka Mbaraki, magoti yakikwaruza kuliko hiyo njiti. Mtu wa mashine habebi mbao. Mtu wa mashine wateja humwita fundi; mimi waliniita wewe. Chuki yangu ilianzia hapo. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama kibanzi cha mti wa mbambakofi kidoleni, hukioni, lakini kila ukishika kitu chakukumbusha.

Sasa siku moja nilipita nyuma yake nikasema, "Subalkheri Ami." Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikaenda mbele yake nikasema kwa sauti ileile, akanijibu vizuri na kuniuliza watoto. Kesho yake nilisimama mgongoni mwake nikamwambia, "Ami, nyumba yako yaungua." Akaendelea kupiga mstari wake kwa penseli. Nikaja mbele, nikachezesha midomo bila sauti, hata chembe: "Ami, chai tayari." Akaweka penseli sikioni, akaenda kuitafuta chai.

Nilifurahi. Sitawadanganya. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete.

Nikamfundisha mpaka vanishi mchezo huo. Tukaucheza kwa wiki nyingi. Mmoja husema neno la aibu mgongoni mwake, mwingine husimama mbele na kumchekea, naye Ami hucheka na sisi, kwa adabu, akijua kwamba watu wakicheka pana jambo. "Yuwasikia kwa mato," nikasema, nikigusa macho yangu. Mpaka vanishi akasema, "Basi tumnunulie miwani ya masikio." Tulishika mbavu.

Kitu kimoja tu hakikuniingia. Mbao zake zilikuwa safi. Na siku hizo alianza tabia mpya: akipima, hujilaza juu ya meza, uso ubavu, taya lake juu ya mwisho wa kile kipande cha mvule. Nilidhani ni uchovu wa uzee. Au nilijiambia hivyo. Mtu akitaka jambo hujiambia mengi.

Nikaenda kwa tajiri. Tajiri wetu alikuwa mpole, mtu wa miwani, aliyeogopa ugomvi kuliko moto.

"Ami hasikii," nikamwambia.

"Mbona mbao zanyooka?"

"Bahati."

"Bahati ya miaka yote hiyo?"

"Tajiri, ubao ukimrudia tumboni, mkewe utamwambia n'ni?"

Nilisema kwa sauti ya huruma, na kichwa nikakiinamisha kidogo. Huruma ni kanzu tu, hata mwizi huvaa. Tajiri akasema tumjaribu Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Ami akatia chokaa yake. Akapima mbele, taya juu ya kipande, krr, tukasikia sote. Kisha akachutama kutazama nati chini, kama ilivyokuwa desturi yake, na hapo ndipo nilipokata ncha ya njiti kwa ukucha wangu. Kipande kidogo, kama punje ya mchele. Mato yake ya miaka sabini na kitu hayangeuona upungufu huo. Mpaka vanishi alikuwa ameshainua simu yake.

Ami akainuka, akasukuma kipande nyuma, akataka kujilaza na taya lake. Nikasimama mbele yake, nikafungua midomo vizuri ili aone.

"Ami, leo simama wima. Tajiri yuwataka kuona."

Akamtazama tajiri. Tajiri akaitikia kwa kichwa. Ami akasimama. Akazungusha diski kwa mkono, polepole. Njiti haikugusa kitu. Akazungusha tena. Palikuwa kimya hata njiwa wa darini nikawasikia wakitembea. Mara ya tatu akaacha mkono juu ya diski, akatazama nyuso zetu, moja baada ya moja, mpaka akafika kwangu.

Alikuwa akiniuliza. Hakutamka, lakini mtu aliyenishika mkono siku nilipozika baba hahitaji kutamka. Aliniuliza: imelia?

Nikamwitikia kwa kichwa na kutabasamu.

"Sawa," akasema Ami, kwa sauti kubwa ya viziwi. "Imelia. Pande zote sawa."

Nikakiinua kile kipande nikamwonyesha tajiri njiti iliyokatwa. Mpaka vanishi akapiga kelele, "Mzee kasikia hata kisichosema!" Kicheko kikalipuka. Na mimi nilicheka. Ami akatazama njiti, akatazama ukucha wangu, kwani kidole changu kilikuwa bado na chembe ya chokaa, nilikuwa nimeligusa jino. Akachukua tambara akafuta jino lile polepole mpaka likang'aa, kana kwamba lilikuwa limechafuliwa na yeye.

"Ami, pumzika kidogo," tajiri akamwambia. "Shika msasa kwa sasa."

Mashine nikapewa mimi.

Ami alishika msasa siku nne, kwenye ngazi ya mlangoni, akisugua mbao za watu wengine. Siku ya tano hakuja. Ile video ya simu mpaka vanishi alikuwa ameituma kwenye kundi la mafundi. "Nilimtumia mtu mmoja tu," aliniapia, na pengine ni kweli, kwa sababu mmoja hutosha. Mimi mwenyewe niliiona kwenye simu ya muuza kahawa asiyejua hata randa ni kitu gani. Nikamwambia aicheze tena.

Sasa niwaambie juu ya mashine yangu. Jumamosi ya kwanza niliwanyamazisha wote, nikatia chokaa, nikapima. Masikio yangu mazima, alhamdulillahi. Nilisikia krr ya mbele, nikasikia krr ya nyuma, na kati yake nikasikia tuktuk, muuza maji, mwanamke akimwita mwanawe ghorofani, njiwa, na moyo wangu. Zilifanana. Nikasema sawa. Ubao wa kwanza ukatoka na mstari mweusi. Nikalegeza nati, nikagonga, nikapima. Ubao wa pili ukanuka moshi mpaka mtaani. Wa tatu ukakwama, ukarukaruka, nikauachia na kujitupa pembeni kama ngisi. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitia hofu zaidi.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya mlango mkubwa wa nyumba ya kale, mbambakofi ghali, usioweza kupatikana mwingine kwa wepesi. Alhamisi tajiri akapitisha kidole juu ya ubao mwingine ulioungua, akakitazama.

"Kesho kutwa, Jumamosi, twapasua mbao za mlango," akasema. "Nitapita Ijumaa baada ya alasiri nione umefikia wapi. Zikiungua tena namrudisha Ami, kiziwi au si kiziwi."

Alhamisi hiyo nikaenda kwa Ami.

Mkewe ndiye aliyenifungulia, bibi mdogo wa mwili, leso begani, macho mekundu. Aliponiona alifurahi. Hilo ndilo lililonishinda: alifurahi. Akaniketisha, akaniletea kahawa na mahamri yaliyobaki ya asubuhi, akaketi karibu nami akanena kwa sauti ya chini, ingawa haikuwa na haja.

"Mwanangu, tangu wiki ile hatoki. Hata msikitini haendi, aswali humu ndani. Tulikwenda Marikiti mara moja, yeye na mimi, wachukuzi wakampigia kelele, 'Imelia! Sawa! Imelia!' Yeye hasikii. Aona midomo yacheka tu, akadhani wamsalimu. Akawainulia mkono mmoja mmoja. 'Waaleikum salaam, waaleikum salaam.' Njia nzima, mwanangu, mpaka kwenye ndizi. Nami nasikia." Akajifuta kwa leso. "Nyumbani akaniuliza wale wamesema n'ni, nikamwambia wamekuamkia."

Nikalirudisha hamri sahanini.

"Wewe ulikuwapo," akasema. "Ni nani aliyemfanyia vile? Nimemuuliza, hataki kusema. Asema ni mchezo tu."

Ami hakunitaja. Hata kwa mkewe. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, mlango wa chumba u wazi.

"Sijui, mama," nikasema. "Walikuwa wengi."

Ami akatoka. Amekonda, kikoi kimefungwa juu. Nikampa mkono, akaupokea. Nikaongea naye kwa midomo, polepole, mke wake akitusikia: kwamba mashine imekataa, kwamba hakuna aiwezaye ila yeye, kwamba aje kesho baada ya swala ya Ijumaa, karakana ikiwa tupu, aiweke sawa. "Na tajiri akifika nitamwambia mwenyewe kwamba ni wewe. Wallahi utarudi kwenye mashine yako."

Mkewe akashika mdomo kwa mikono miwili kwa furaha. Ami akanitazama midomo muda mrefu, kama anayetaka kusoma na yale yaliyo nyuma ya meno.

"Haya," akasema. "Lakini pasiwe na mtu."

Ijumaa akaja, amevaa kanzu ya swala. Akaivua, akaitundika kwenye msumari wake. Akang'oa njiti mpya kwenye ufagio wa karakana, akaikata kwa meno. Akatia chokaa. Kisha akapiga magoti, akalala juu ya meza na kuweka kwenye kile kipande si kidevu, bali mfupa wa taya, hapa chini ya sikio. Akafumba macho. Akazungusha diski kwa mkono ulionyooshwa. Mate yalimtoka kidogo pembe ya mdomo, hakuyajali. Mbele. Nyuma. Akashuka chini, nati tatu, nyundo, tok. Akapanda. Tok mara ya pili. Nilikuwa nimesimama pale kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa makosa.

Akainuka akanionyesha meza. "Weka taya."

Nikaweka. Akazungusha yeye. Wallahi sikusikia tuktuk, wala njiwa, wala mtu. Jino lilipopita kwenye njiti lilipita ndani ya kichwa changu, moja tu, kubwa, wazi kama mtu abishaye hodi. Akasukuma nyuma, akazungusha: hodi ileile, mkono uleule.

"Sikuwa na njia nyingine," akasema. "Masikio yalipokwenda nikajifunza hivi. Ni bora kuliko masikio. Nilikuwa nikingoja Jumamosi nzuri nikufundishe." Akanipangusa chokaa shavuni kwa kidole gumba. "Sasa wajua."

Tukapasua kipande cha mbambakofi kujaribu. Kilitoka chekundu, laini, safi. Ami akakinusa, akacheka kidogo, akaenda kwenye mfereji wa bomba uani kunawa mikono. Kutoka pale alitazama mlango, na mimi niliye karibu na mlango.

Tajiri akaingia. Akachukua kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole mara mbili. Akamwona Ami uani, akaduwaa, akamwamkia kwa mkono. Halafu akanigeukia.

"Mashaallah. Ni nani aliyeiweka?"

Lilikuwa neno moja tu. Ningesema yeye, mashine ingekuwa yake kwa haki tangu dakika ile, nami ningerudi kwenye mbao za Mbaraki na magoti yangu. Na mkewe angempikia chakula cha Ijumaa akifurahi. Yote haya niliyaona, si kwamba sikuyaona. Na kwenye taya langu palikuwa bado na ile hodi.

"Mimi," nikasema. "Ami kaja kunitazama tu."

Nilimpa tajiri uso, lakini uani palikuwa nyuma ya tajiri, midomo yangu ikaelekea huko, na Ami alikuwa akiitazama. Maji yakaendelea kumwagika mikononi mwake, ameyasahau. Tajiri akanipiga bega. "Nilijua utaweza," akasema. "Mzee wa watu tulimchosha bure."

Ami akafunga mfereji. Akapangusa mikono kwa kikoi, kidole kimoja kimoja. Akatoa kanzu yake msumarini, akaivaa, akafunga vifungo mpaka shingoni. Akaja kwa tajiri akampa mkono. Akaja kwangu, akanipa mkono na mimi, mkono wa baridi wa mtu aliyetoka kunawa, akaushika wangu kiasi kilekile alichokuwa akiushika siku zote, si zaidi, si pungufu. Kisha akatoka kichochoroni, na sikumfuata mlangoni kutazama alikoelekea.

Jumamosi nilifika mapema kuliko wote. Nikachomeka plagi. Nilipasua mbambakofi mpaka adhuhuri, ubao kwa ubao, na hakuna hata mmoja uliotoka na doa jeusi.